Aliyefanya kazi Amaan wakati wa CHAN aje hapa, nataka kujua kabla sijaomba ya AFCON 2027

Mhudumu wa Paje aliuliza:

Asalaam alaykum jamaa zangu. Mimi ni mtoto wa Jang'ombe, miaka 24, nafanya kazi hotelini Paje, upande wa mkahawa. AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 tunaiandaa sisi Tanzania pamoja na Kenya na Uganda, na huku mitaani watu wameshaanza kuulizana nafasi za kazi za mashindano zitaombwa wapi.

Agosti 2025 CHAN, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ilipochezwa hapa Unguja uwanja wa Amaan, niliingia mara moja tu, siku Sudan ilipomfunga Nigeria 4-0. Mechi nzuri, lakini mimi macho yangu yalikuwa chini kwa wale vijana wenzangu waliovaa fulana za aina moja na vitambulisho shingoni, wanaingia na kutoka kwenye ule mlango wa wachezaji kama wanaingia jikoni kwao. Roho iliniuma, nisifiche.

Sasa nauliza kwa aliyekuwemo. Wachezaji unaonana nao kweli, au ndiyo unawekwa kuelekeza magari? Pesa ipo? Na mimi mashindano yakiangukia katikati ya msimu wa wageni, ndio wakati wa bakshishi, nikiondoka wiki tatu nne nitakuwa nimefanya la maana au nimejitia hasara? Picha na jezi navitaka, tusidanganyane.

Geti la Pili alijibu:

Mimi nilikuwemo. Wachezaji niliwaona kila siku, kupitia vioo vya basi. Vioo vyenyewe vyeusi.

Kuhusu jezi: nilipata ya kampuni ya maji, namba haina.

Zol wa Kwerekwe alijibu:

Waalaykum salaam mdogo wangu. Kaa kitako, jibu langu refu, na bosi wako akikukuta na simu mkononi mimi simo.

Kwanza jina langu la humu, maana ndilo lililonipa kazi. Nilisoma Khartoum, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, pale walipopita Wazanzibari wengi tu. Wasudani mtu wanamwita "zol". Ukiitwa njiani utasikia "ya zol!", kama sisi tunavyosema yakhe. Vita vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, Ramadhani iko ukingoni, mimi nilikuwa mwaka wa tatu. Tukatolewa kwa mabasi mpaka Ethiopia, tukapanda ndege, nikashuka nyumbani na begi la mgongoni na kandambili za mtu mwengine. Mpira siujui. Ukiniuliza namba sita anafanya nini uwanjani nitakwambia anakimbia.

CHAN nilijaza fomu kama watu wote. Nikaitwa, nikapigwa picha, nikapewa kitambulisho, nikapangiwa maji. Maji! Kazi yangu ni kubeba kreti kutoka stoo mpaka vyumba vya kubadilishia nguo, na kuhesabu chupa zilizoingia na zilizotoka. Wiki ile ya kabla ya mechi nimeumwa mgongo, mchezaji hata mmoja sijampa mkono.

Sasa tazama kundi letu la Unguja lilikuwaje: Senegal, Congo ya Brazzaville, Sudan, Nigeria. Wawili Kifaransa, mmoja Kiarabu, na Nigeria peke yao ndio Kiingereza. Na sisi vijana tuliochukuliwa, tisa katika kumi tunajitapa na Kiingereza cha watalii. Jambo hili uliweke akilini, nitalirudia.

Tarehe 5 Agosti, siku ya kwanza, mechi mbili siku moja. Mtunza vifaa wa Sudan, mzee mmoja mrefu, kashika kibumba cha plastiki, anamwambia kijana wetu "talij, talij". Anataka barafu. Kijana wetu ni hafidhi, Msahafu kauhifadhi wote, lakini neno lile kwa lafudhi ile halikumwingia. Akaenda mbio akamletea taulo. Mzee akalitazama taulo, akamtazama kijana, akasema tena taratibu, "ta-lij". Kijana akaenda akaleta taulo kubwa zaidi.

Mimi niko nyuma na kreti yangu begani. Nikasema, "Dayir talij, ya zol?"

Wallahi yule mzee aligeuka kama mtu aliyeitwa na mamake. Akaniuliza wewe wa wapi. Nikamwambia wa hapahapa, lakini nimekunywa maji ya Nili miaka mitatu kasoro. Akaweka kibumba chini akanikumbatia, kreti na yote. Kuanzia saa ile kreti akapewa mwengine, mimi nikawekwa ukumbini nje ya chumba chao na hotelini kwao. Hakuna barua, hakuna mkataba mpya. Mtu alinyoosha kidole tu: "Huyu abaki hapa."

Kwa hiyo swali lako la kwanza: ndiyo, unaonana nao. Lakini usifikiri unavyofikiri. Mchezaji katika mashindano ni mtu aliyefungiwa. Anakula saa iliyopangwa, analala saa iliyopangwa, baina ya mazoezi na chakula anakaa kwenye kochi la mapokezi na simu yake, kachoka hata kuchoka. Wale wa Sudan zaidi. Ligi yao ilivurugwa na vita, klabu zao kubwa, Hilal na Merrikh, msimu ule zilikwenda kuchezea ligi ya Mauritania, huko mbali jangwani magharibi. Kocha wao alikuwa Kwesi Appiah, Mghana. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani, na hawa nyumbani kwenyewe hawajakanyaga kwa muda. Anachokuuliza mtu kama huyo ni kinyozi yuko wapi, laini ya simu inasajiliwaje, kibla kiko upande gani. Mmoja aliniuliza mara tatu kwa siku bahari inakwenda wapi ikitoka. Maji yakikupwa yeye anatoka roshani kutazama.

Masharti yalikuwa haya: simu mfukoni, picha hakuna, kuomba kitu hakuna, hata kalamu. Na chakula cha nje marufuku kabisa. Tumbo la mchezaji likiharibika, au kikikutwa kitu katika vipimo, wa kwanza kuulizwa ni wewe uliyeleta kionjo.

Hapa ndipo mama yangu anapoingia.

Mama kusikia niko na Wasudani, watoto waliokimbia vita vilevile nilivyokimbia mimi, aliamka usiku akapiga mikate ya ufuta, thelathini na kitu, akaifunga kwenye taulo jeupe. "Wapelekee watoto wa watu." Nikamweleza masharti. Akanitazama tu. Sasa ungefanya nini? Niliichukua. Nikawapa madereva wa mabasi na askari wa getini, wakaimaliza kabla ya saa tatu asubuhi. Niliporudi akaniuliza, walikula? Nikasema walikula mama, walilamba vidole. Hiyo ilikuwa tarehe 12 Agosti asubuhi. Usiku Nigeria akapigwa nne.

Kwerekwe yote inajua zile bao nne zilitoka wapi.

Tuje kwenye ile ninayoona ndiyo kazi yenyewe, ambayo hakuna anayekuhadithia. Baada ya mechi wachezaji wachache huchaguliwa kupimwa dawa zilizokatazwa. Anayechaguliwa haendi kuoga, haendi popote, anafuatwa na mtu mguu kwa mguu mpaka atoe mkojo. Unatakiwa usiopungua mililita 90, na anatazamwa ukitoka, hakuna aibu pale. Mtu keshakimbia dakika tisini, maji yote yamemtoka kwa jasho, huo mkojo utoke wapi? Anapewa chupa za maji zilizofungwa, azifungue mwenyewe, anakunywa na kusubiri. Mimi niliitwa kufasiri. Sitasema mechi ipi wala mchezaji yupi, hilo ni lake.

Jaribio la kwanza ikatoka kidogo, haikufika nusu. Ikafungwa ikawekwa pembeni, tukarudi kwenye viti. Saa nne na nusu. Saa tano. Daktari wa timu anasinzia. Kijana kainama, hataki kuzungumza, na mimi najua afadhali ninyamaze. Nusu saa nzima hatukusema kitu. Halafu akaniuliza bila ya kuinua kichwa: Khartoum ulikaa wapi? Nikamwambia. Akauliza, chai ulikunywa kwa nani? Kule kila kona ina mwanamke wake anayeuza chai, kakaa chini ya mti na jiko la makaa na mitungi ya viungo, na kila mtu ana wake, kumhama ni kama kuhama msikiti. Nikamweleza wangu, wa nje ya geti la chuo, anavyotukopesha na kuandika madeni ukutani kwa mkaa. Yeye akanieleza wake, wa Omdurman. Akasema anauza na ligeimat. Nikamwambia hizo kwetu ni kaimati, na shira juu. Akakataa, haiwezekani, hizo ni za Sudan. Tukabishana. Mimi namwambia bibi yangu kazipika kabla Hilal haijaundwa, yeye ananiuliza bibi yako kazaliwa mwaka gani, nami simjui mwaka, nikaropoka 1901. Akacheka mpaka akashika mbavu. Na katikati ya kicheko akasimama ghafla, macho yamemtoka: "Jaat!"

Imekuja.

Tulitoka Amaan saa saba kasorobo usiku, upepo wa kusi unapiga, mabarabara matupu. Kwangu mimi CHAN ni ule usiku.

Robo fainali, tarehe 23 Agosti na Algeria, mimi sikuona hata penalti moja. Nilikuwa ndani ukumbini, kazi inataka niwe pale. Mwanzo wa kipindi cha pili beki wa Algeria akajifunga, baadaye Algeria wakasawazisha, 1-1 mpaka mwisho. Penalti nilizihesabu kwa masikio. Amaan ikipiga kelele moja ndefu, imeingia ya Sudan. Ikinyamaza, imeingia ya Algeria. Kelele fupi kali, kaidaka. Mimi na yule mzee wa vifaa tumekaa juu ya masanduku, yeye anavuta tasbihi, mimi nahesabu kwa vidole, na tulikosea hesabu, tulidhani bado moja. 4-2. Walipita pale ukumbini wakikimbia na mmoja kanipiga kofi la mgongo mpaka leo nalisikia.

Halafu wakaenda Dar, wakatolewa na Madagascar kwa bao moja ndani ya muda wa nyongeza. Mimi nilikuwa nimeshabaki Unguja, naangalia kwenye televisheni ya kinyozi.

Pesa: ilikuwepo posho, ndogo, na aliyetuchukua kwa upande wangu, simtaji, alichelewesha na mwisho akatoa pungufu. Tulifuatilia, tukachoka. Kwa hiyo usiende kwa hesabu ya posho. Nauli na chakula cha mchana jitayarishie mwenyewe.

Geti la Pili alijibu:

Kumbe mikate nilikula mimi. Ilikuwa na chumvi kidogo.

Mama wa Chake alijibu:

Wanangu msijisahau, na Pemba yapo. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa Gombani, safari ile zikaja timu za taifa, na mimi nilikuwa jikoni pahala walipofikia Burkina Faso. Kifaransa mimi sina hata neno. Siku mbili za mwanzo tuliwapikia wali na samaki, makaroni, wanakula kwa adabu tu, sahani zinarudi na kitu. Siku ya tatu wapishi tukajipikia wenyewe ugali, mmoja wao kapita mlangoni kauona. Alipiga yowe! Wenziwe wakaja mbio. Kumbe kwao wanao, wanauita tô. Ikabidi niusonge mwengine wa watu wote, mikono hii iliuma wiki.

Sasa fikirini tarehe 13, fainali. Wao na Zanzibar Heroes, timu yetu. Mie Mpemba, mtoto wangu kapaka uso rangi, barabara kutoka Gombani mpaka Chake honi tupu. Tumeshinda 2-1. Na nimeingia jikoni kuwapakulia walioshindwa. Nilitamani kupiga vigelegele vikanikaa hapa kooni, natazama sura zile, watoto wadogo wale. Nikawawekea ugali mwingi. Nikatoka nje nyuma ya jiko, nikapiga kigelegele kimoja kwa ndani ya kanga, nikarudi.

Kijana wa Paje, mkahawa unaujua, omba upande wa chakula. Huko hakuna anayekukataza kumtazama mtu usoni.

Mhudumu wa Paje aliandika:

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili chooni kazini. Mama wa Chake nashukuru, hilo sikuwa nimelifikiria.

Zol, sasa msimu je? Na jezi hukusema.

Zol wa Kwerekwe alijibu:

Msimu: usiache kazi. Zungumza na mkuu wako mapema, miezi si wiki, ubadilishane likizo na mwenzako anayetaka Idi au harusi. Ukimwendea mkuu wiki mbili kabla, hoteli imejaa, atakwambia nenda na usirudi, na atakuwa na haki. Mwenzetu mmoja wa hoteli ya kaskazini alifanya hivyo, sasa hivi anauza vocha.

Na jifunze lugha, ndiyo ile niliyosema nitairudia. Kiingereza cha Paje unacho, na kila mtu anacho. Kifaransa kilitafutwa kama maji. Siku ya Senegal na Congo mtu aliyejua kusema "subiri hapa" na "basi limekuja" kwa Kifaransa alikuwa anaitwa pande nne kwa wakati mmoja. Nenda TAKILUKI, ile skuli ya lugha ambayo siku hizi iko chini ya chuo kikuu cha SUZA, uulize saa za jioni, muda upo. Huna haja ya kusoma mashairi, jifunze maneno ya barafu, taulo, daktari, kinyozi, choo.

Jezi sikupata na sikuomba. Siku wanaondoka yule mzee wa vifaa alinipa kifurushi cha karatasi, ndani mna karkade kavu, ile mauwa mekundu ya kuchemsha. Sijui aliitoa wapi na ilipita nchi ngapi. Nikaipeleka nyumbani.

Mama akaniuliza hii nini. Nikasema imetoka kwa Wasudani.

"Ya mikate?"

Nikasema ndiyo, ya mikate.

Ameitia kwenye chupa ya kioo, iko kabatini na vikombe vya wageni, na hataki ichemshwe. Geti la Pili, wewe nakujua unakaa wapi, ukimwambia kuhusu chumvi tutagombana.